Kitabu Kizuri, Kina Mafunzo

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia, wazazi huanza kuulizana. Swali ni lile lile kila mwaka: mwanangu yuko darasa la tano, asome nini akiwa nyumbani? Na jibu nalo, mara nyingi, ni lile lile: "Mtafutie kile kitabu fulani. Kizuri sana, kina mafunzo." Baada ya hapo mazungumzo huhamia kwenye bei na mahali kinapopatikana. Hakuna anayeuliza ni mafunzo gani. Hakuna anayeuliza hadithi yenyewe inahusu nini, mtoto wa mwenzako alicheka wapi, au alikiacha akiwa ukurasa wa ngapi.

Nataka kuihakiki sentensi hiyo. Nina sababu. Makala za wahakiki wa vyuo vikuu husomwa na wanafunzi wenye mtihani, na magazetini nafasi ya vitabu ni finyu. Pendekezo la mzazi kwa mzazi mwenzake, kwa upande mwingine, linafika mbali, linaaminiwa, na linaamua kama fedha itatoka mfukoni au itabaki. Ni utanzu mfupi wenye kanuni zake na historia yake. Kama tunahakiki mashairi ya mistari minne, tunaweza kuhakiki na huu.

Nitauhakiki nikiwa nimesimama mahali pamoja: Berega, wilaya ya Kilosa, upande wa milima ya Ukaguru, ukishaiacha barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Watu wengi wa mbali wanaijua Berega kwa sababu ya hospitali ya Kanisa Anglikana. Hospitali huvuta watu, kwa hiyo wazazi wa hapa ni mchanganyiko: wauguzi na waganga waliotoka mikoa mingine, walimu wa shule za jirani, na wenyeji, Wakaguru, ambao wengi wao ni wakulima. Juni hapa ni kipupwe. Asubuhi baridi inauma, na mahindi yamekwisha kukauka shambani. Mtoto aliye likizo ni nguvukazi. Anavuna, anapukuchua, anachunga mbuzi, anachota maji, analea mdogo wake. Muda wa kitabu, kama upo, ni ule wa baada ya chakula cha jioni, kwa taa ya sola au tochi ya simu, kabla usingizi haujamchukua.

Orodha za vitabu vya likizo hazikuzaliwa katika hali kama hiyo. Nchini Marekani maktaba za umma zilianza kuandaa programu za usomaji wa likizo ya kiangazi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mtoto wa mjini alikuwa na miezi mitupu mbele yake, na maktaba ilikuwa mtaa wa pili. Hofu ya watu wazima ilikuwa kwamba angesahau alichojifunza. Orodha ikimpa kitabu kibaya, alikirudisha na kuchukua kingine siku hiyo hiyo. Kosa lilikuwa halina gharama.

Berega kosa lina gharama. Ukitaka duka lenye vitabu vya hadithi, tofauti na steshenari ya madaftari na kalamu, itakubidi uende Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 100, au umwagize mtu anayekwenda. Na anayeagiza huagiza kimoja. Kikikataa, ndicho hicho hicho mpaka shule zifunguliwe. Mtoto atakifungua mara tatu, atakiweka juu ya kabati, na atahitimisha jambo ambalo huenda akaishi nalo: kusoma ni kazi nyingine, kama kupukuchua, ila hii haina hata ugali mwishoni. Sentensi ya maneno manne, "kizuri sana, kina mafunzo", imebeba uzito wote huo, na haikutengenezwa kuubeba.

Ilitengenezwa wapi basi? Wewe uliyepita sekondari unajua. Ilitengenezwa kwenye kipindi cha fasihi. Tulipewa Takadini, tukapewa Watoto wa Mama N'tilie, na kabla hatujamwonea mtu yeyote huruma humo ndani tukaulizwa dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo, falsafa. Tulijifunza kukikamua kitabu. Mwanafunzi hodari alikuwa yule aliyeweza kutaja mafunzo matano bila kukisoma, akitumia daftari la kaka yake aliyemaliza mwaka uliopita. Miaka kumi baadaye yeye ni mzazi. Akiulizwa kitabu, anatoa jibu la mtihani, kwa sababu ndiyo lugha pekee ya kuzungumzia vitabu aliyowahi kupewa.

Chini ya hapo kuna tabaka la zamani zaidi, na hilo lina heshima yake. Baada ya uhuru, kitabu kiliingia vijijini kikiwa chombo cha kazi. Ilikuwa miaka ya kisomo cha watu wazima, ya vijitabu vya kilimo bora, uzazi na maji safi. Takwimu za serikali zilionyesha kiwango cha wasiojua kusoma na kuandika kikishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na karibu asilimia 10 mwaka 1986. Babu aliyejifunza kusoma jina lake akiwa na miaka hamsini hakuhitaji kuambiwa kwamba kitabu kiwe cha kufurahisha. Kwake "mafunzo" lilikuwa neno la ukombozi. Wazazi wa leo wamelirithi neno bila ule mwenge uliokuwa ndani yake.

Lakini wasikilize wazazi hao hao wanapoacha kupendekeza na kuanza kukumbuka. Mtaje Bulicheka mbele ya mtu aliyesoma shule ya msingi enzi za Tujifunze Lugha Yetu. Mtaje Wagagagigikoko. Litaje shairi la Sizitaki Mbichi Hizi, lile la sungura aliyeshindwa kuyafikia matunda akasingizia kwamba hayajaiva. Sauti inabadilika. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku atakukariria beti mbili bila kusita. Fundi pikipiki atabishana na mwalimu kuhusu jinsi jina la Wagagagigikoko linavyotamkwa. Watu wanacheka. Hakuna hata mmoja anayesema Bulicheka alikuwa na mafunzo.

Huo ndio uhakiki halisi, na wazazi wanauweza. Wanajua kwamba jina refu lenye silabi zinazogongana linakaa mdomoni miaka arobaini. Wanajua kwamba mtoto hupenda kurudiarudia. Wanajua kwamba sungura anayejidanganya anachekesha kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kukosa kitu akadai hakukitaka. Wanajua yote haya kuhusu vitabu vyao wenyewe. Wakigeukia vitabu vya watoto wao, ujuzi huo wanauacha mlangoni.

Nadhani sababu ni fedha. Vitabu vyetu vya zamani tulivikuta darasani, na hakuna mzazi aliyelazimika kujieleza kwa nini amevinunua. Leo hela inatoka nyumbani, na pengine ilikuwa ya mbolea au ya sare. Anayeitoa anahitaji sababu ya kumwambia mwenzake, na "atacheka" haisikiki kama sababu mbele ya mfuko wa mbolea. "Kina mafunzo" inasikika. Ni hati ya utetezi ambayo mzazi anamwandikia mzazi mwenzake ili akaitumie nyumbani kwake. Naielewa. Tatizo ni kwamba inaficha kitu ambacho mnunuzi alihitaji kukijua, yaani kama mtoto atafika mwisho wa kitabu.

Hebu tuchukue vitabu viwili ambavyo havikosi kwenye orodha za aina hii, tuone sentensi yetu inavifanya nini.

Cha kwanza ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952. Hiki hupendekezwa kwa jina lake tu: adili, maadili, basi. Mzazi ambaye hajakisoma tangu shuleni anadhani anamnunulia mwanawe kitabu cha tabia njema. Mtoto akikifungua anakutana na kitu kingine kabisa. Anakutana na liwali anayesifika kwa haki, ambaye kila usiku huingia mahali walipofungwa manyani wawili, akawachapa kwa mjeledi, naye analia. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliotaka kumwangamiza kwa wivu wakageuzwa wanyama na jini. Adili ameamriwa awachape. Akiacha, adhabu itamgeukia yeye.

Fikiri mtoto wa darasa la sita anayeijua fimbo anavyousoma ukurasa huo. Mtu mwema anachapa. Anachapa kwa amri. Analia na bado anachapa. Je, machozi yake yanapunguza maumivu ya anayechapwa? Na kwa nini jini aliyekusudia kumlipia kisasi Adili amempa kazi inayomtesa Adili mwenyewe? Hayo ni maswali makubwa, na kitabu hakiyaogopi. Kinayapeleka hadi kwa Mfalme Rai, kwenye suala la msamaha na nani ana mamlaka ya kuutoa. Sentensi ya "kina mafunzo ya maadili" inamwambia mtoto asitafute kitu humo zaidi ya kwamba wivu ni mbaya, jambo ambalo alikwisha ambiwa kanisani, msikitini na jikoni. Inamnyima manyani.

Kuna na jambo la kweli ambalo pendekezo zuri lingelisema: Kiswahili cha kitabu hiki ni kigumu kwa mtoto wa leo. Sentensi ni ndefu, msamiati umepambwa. Mtoto wa Berega anayekisoma peke yake chini ya taa ya sola atakwama ndani ya kurasa chache. Akisomewa kwa sauti na mtu mzima anayejua kupunga mkono pale penye mjeledi, atakaa macho hadi saa nne. Hiyo ni taarifa ambayo mnunuzi anaihitaji kuliko orodha yoyote ya mafunzo.

Cha pili ni Hekaya za Abunuwasi. Hiki kinaingia orodhani kwa aibu kidogo, kwa sababu kipimo chetu hakikijui pa kukiweka. Chukua hekaya ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria ndani yake, anasema sufuria imezaa. Jirani anapokea zote mbili kwa furaha. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, na hairudishi. Sufuria imekufa, anasema. Jirani anashtaki, na anashindwa, kwa maana aliyekubali kwamba sufuria huzaa hana budi kukubali kwamba hufa.

Mafunzo? Ukijilazimisha utasema usiwe na tamaa. Lakini tuwe wakweli, Abunuwasi amejipatia sufuria kwa utapeli, na hadithi imemshangilia. Kinachomfurahisha mtoto wa miaka kumi hapo ni kwamba mnyonge amemfunga mkubwa kwa kamba ya mkubwa mwenyewe. Neno ulilolikubali jana kwa faida yako, leo likurudie kwa hasara yako. Mtoto anaelewa upesi sana, kwa sababu yeye ndiye mtu mdogo kuliko wote katika nyumba iliyojaa watu wanaobadilisha masharti. Ndani ya siku mbili ataitumia: "Baba, si ulisema nikimaliza kupukuchua nitapumzika?" Mzazi anayependekeza Abunuwasi na kusema tu kwamba kina mafunzo amemficha mwenzake kwamba anamwingizia wakili nyumbani.

Kuna aina ya tatu ya pendekezo, na hii haisemi hata mafunzo. Inasema: "Cha Kiingereza, azoee." Siidharau. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto anaingia kidato cha kwanza na lugha ya masomo inageuka usiku mmoja. Mzazi aliyeona mtoto mkubwa akizama hapo ana haki ya kumwandaa mdogo. Vitabu vya Kiingereza vya hadithi zilizorahisishwa, vyenye mabinti wa mfalme na theluji, hununuliwa kwa hofu hiyo, na hofu ni halali.

Ninachohoji ni kinachotokea baada ya chakula cha jioni. Mtoto anasoma kimya. Bibi hawezi kuuliza kilichotokea. Baba anauliza "umesoma?", anajibiwa "nimesoma", na kitabu kinafungwa. Kimekuwa kazi ya nyumbani. Linganisha na Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, kilichotumika miaka mingi kwa kidato cha kwanza na cha pili. Kiingereza chake ni chepesi, na mhusika wake ni mwanamke anayeendesha basi katika nchi ambayo kila mtoto anaijua stendi na anajua dereva huwa nani. Mtoto aliyekisoma anaweza kuisimulia hadithi kwa Kiswahili, na kila aliye mezani atakuwa na la kusema, kuanzia bibi hadi mjomba aliyewahi kuwa kondakta. Ningependa hicho kiwe kipimo: je, hadithi inaweza kutoka kitabuni na kuivuka meza? Kipimo hiki hakipingi Kiingereza. Kinapinga upweke.

Na kwa sababu nimemtaja bibi, nifike kwenye kile ambacho sijakiona katika orodha yoyote.

Abunuwasi alikuja kwetu kutoka Baghdad, kwa njia ya pwani. Sungura hakuhitaji kusafiri. Alikuwa hapa hapa Ukaguru na mwenzake Fisi, na aliingia katika maandishi zamani kuliko tunavyodhani. Wamisionari wa CMS walikuwa Mamboya, jirani na Berega, kabla ya ukoloni wa Wajerumani, na mmoja wao, J. T. Last, alichapisha sarufi ya Kikaguru mjini London mwaka 1886. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, T. O. Beidelman, alifanya utafiti Ukaguru na kukusanya masimulizi mengi. Mwaka 1961 alichapisha katika jarida la Africa makala kuhusu Fisi na Sungura wa Wakaguru, na mwaka 1963 akaongeza nyingine kuhusu visa vyao zaidi.

Alichokiona Beidelman kinastahili kufika Berega. Wakaguru hufuata ukoo wa mama. Katika jamii kama hiyo mjomba, ndugu wa mama, ana mamlaka makubwa juu ya watoto wa dada yake, na watoto hao ndio warithi wake. Beidelman aliwasoma Fisi na Sungura kwa jicho hilo, kama mjomba na mpwa: mkubwa mwenye haki ya kuamuru na hamu ya kula, na mdogo mwenye akili ya kumzunguka. Unaweza kumbishia. Lakini ukishaisikia tafsiri hiyo huwezi tena kuziona hadithi hizi kama michezo ya wanyama tu. Ndani yake kuna swali la nani anakula kwanza wakati wa njaa, nani anamtumikia nani, na mtoto afanye nini na mkubwa anayekula haki yake. Sungura wa vitabu vyetu vya watoto amekuwa "mjanja" tu, na Fisi "mlafi" tu, na mwisho wa hadithi tunaambiwa tusiwe walafi. Chujio la mafunzo limeuzuia ukoo, limeizuia njaa, limemzuia mjomba.

Kwa hiyo hali ni hii. Baadhi ya masimulizi ya Ukaguru yako kwenye majarida ya kitaaluma, kwa Kiingereza, nyuma ya nywila. Mtoto wa Berega, aliyezaliwa kwenye masimulizi hayo, anaagiziwa kutoka Morogoro binti mfalme wa theluji. Na nyinyi mnaosoma hapa, baadhi yenu mna nywila ya maktaba ya chuo. Mnaweza kuzisoma usiku huu na kumsimulia mdogo wenu kesho kwa Kiswahili. Hiyo haihitaji mradi wala mfadhili.

Sitaki kumpamba bibi kuliko alivyo. Si kila nyumba ina bibi, na si kila bibi ana hadithi. Wengine wamechoka, wengine jioni wanatazama tamthilia kama sisi. Mzazi muuguzi aliyetoka Bukoba au Tukuyu hana Kikaguru cha kumsimulia mwanawe, ana cha kwao. Hoja yangu ni ndogo zaidi. Orodha ya likizo inayohesabu kurasa tu humfundisha mtoto kwamba usomaji unaanzia Morogoro mjini. Ingeandikwa ndani yake mstari mmoja tu, "muulize bibi kisa cha Fisi, kisha mkilinganishe na cha Abunuwasi", mtoto angepata bure hekaya ya pili na angejua kwamba alichonacho nyumbani ni cha aina moja na kilichomo kitabuni.

Kuna na vitabu vingine vya bure ambavyo orodha haivitaji. Tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umewasaidia waandishi, wachoraji na wachapishaji kutoa hadithi za watoto kwa Kiswahili, ukinunua sehemu ya nakala na kuzipeleka mashuleni. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E & D Vision wamejenga sehemu kubwa ya fasihi ya watoto tuliyonayo; Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, kwa mfano, humpeleka msomaji mdogo safari ya kuizunguka nchi yake. Lakini katika shule nyingi vitabu vya hadithi vikifika hukaa kabatini, ofisini, vimefungwa kufuli, kwa kuwa kikipotea kimoja ataulizwa mwalimu. Juni ikifika, shule inafungwa na kabati nalo linafungwa. Miezi ambayo mtoto angekuwa na nafasi ya kusoma ndiyo miezi ambayo vitabu vilivyo karibu naye haviguswi.

Wazazi wanaopeana mapendekezo wana nguvu hapo kuliko wanavyojua. Kundi la wazazi kumi linaloweza kukubaliana kuhusu mchango wa harusi linaweza kumwendea mwalimu mkuu, likaweka saini, likabeba vitabu ishirini kwa dhamana yao, na kuvirudisha Julai. Kwa fedha ya kitabu kimoja cha Morogoro wangenunua gundi na karatasi ngumu za kurekebishia majalada yaliyochanika. Pendekezo lingeacha kuwa "nunua" na lingekuwa "azima", na kosa lingekuwa halina gharama tena, kama lilivyo kwa mtoto mwenye maktaba mtaa wa pili.

Kama ingebidi nimwonyeshe mzazi mwenzangu namna ya kuliandika pendekezo la likizo ijayo, nisingempa kanuni. Ningempa mfano, wa kubuni, ambao yeyote anaweza kuukopa na kuubadilisha:

"Hekaya za Abunuwasi. Hekaya ni fupi. Moja inakwisha kabla ugali haujaiva. Anzeni na ya sufuria. Wangu wa darasa la nne alicheka, akaomba nirudie, na Jumanne akanitega nayo. Maneno mengine ni ya kipwani na yatamkwamisha. Usimtume kamusi, mwambie maana mwendelee. Baadhi ya hekaya zina ukatili, pitieni kwanza. Soma kwa sauti, na bibi yake akae karibu, maana bibi wa kwetu alikuwa na kisa kingine cha Fisi ambacho kilitushinda sote kwa kicheko. Nakala yangu haina jalada na ukurasa wa mwisho umechanika, lakini mwisho wenyewe naujua, nitakusimulia. Njoo uichukue Jumamosi jioni, tukishatoka shambani. Irudi kabla shule hazijafunguliwa, kuna mwingine anaisubiri."